Komini Haiulizi Unasalia Wapi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wafadhili, Lubumbashi



Tumeombwa tuseme juu ya ndoa ya watu wa dini mbili. Ombi halikutoka ofisini kwetu. Limetoka kwenu, tunapopita nyumba kwa nyumba Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba na daftari yetu ya maulizo. Swali linarudi kila mara kwa sauti mbalimbali. "Bibi yangu ni mwislamu, miye niko mukatoliki, tutaoana wapi?" Ao: "Shehe alitufungia ndoa kule Kigoma, huku tutafanya tena?" Ao lile la wazazi, ambalo si swali hata kidogo: "Mutoto yetu haolewi na muntu wa dini ile."

Jibu la kwanza ni fupi, na tunalitoa mapema ili mwenye kuondoka kwenda sokoni awe amelipata. Katika Kongo, ndoa ambayo leta inaihesabu ni ile iliyoandikwa ku etasivili, ofisi ile ya komini inayoandika kuzaliwa, ndoa na kifo. Ofisa wa pale hana ruhusa ya kukukatalia kwa sababu mwenzako anasalia pengine. Mwislamu na Mkatoliki, Mkimbanguiste na Mmethodiste, mtu wa kanisa la uamsho na mtu asiyesali popote, wote wanaingia kwa mlango ule ule.

Maneno marefu yanaanza nyuma ya jibu hilo, maana kama ingekuwa rahisi hivyo tusingekuwa na watu wengi hivi katika chumba hiki.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema tangu kifungu cha kwanza kwamba leta ya Kongo haina dini. Kifungu cha 40 kinasema kila mtu ana haki ya kuoana na mtu anayemchagua, mwanaume na mwanamke, na kuanzisha jamaa. Halafu kuna Sheria ya Familia, ile wanasheria wanaiita Code de la famille, namba 87-010 ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016. Kifungu cha 330 kinaeleza ndoa ni kitu gani: ni tendo la kiraia, la wazi mbele ya watu, ambalo mwanaume na mwanamke wasiofungwa na ndoa nyingine iliyoandikwa wanaungana kisheria. Sheria inataka umri wa miaka 18 kwa wote wawili. Inataka kila mmoja akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Inakataza kuoa ndugu wa karibu, na inakataza ndoa ya pili wakati ya kwanza ingali hai. Inataka mahari. Soma orodha ya makatazo mara mbili, mara tatu. Tofauti ya dini haimo.

Mahali pengine duniani mambo hayako hivi. Lubnani hawana ndoa ya kiraia nyumbani kwao: ndoa iko mikononi mwa dini, na Mkristo na Mwislamu wanaotaka kuoana bila mmoja kubadilika wanapanda ndege kwenda Kupro, wanafungishwa pale, kisha wanarudi na mukanda ambao serikali yao inaukubali. Fikiria, ndege! Tunisia mpaka mwaka 2017 walikuwa na agizo la 1973 lililozuia maofisa wasifungishe ndoa ya mwanamke Mwislamu na mwanaume asiye Mwislamu. Sisi hatuhitaji ndege. Kutoka hapa mpaka komini ni franka za taksibisi.

Sasa mbona watu wetu wengi hawaendi? Sababu moja tumeileta wenyewe kutoka ukimbizini, na ni hii inayohusu zaidi chama cha waliorudi kama hiki.

Wengi kati yetu tulikaa miaka mingi ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu na Lugufu, ao upande wa Zambia, Meheba, Mayukwayukwa, Kala na Mwange. Kule tulioa, kule tulizaa, na kule tulizoea namna serikali ya wenyeji inavyohesabu ndoa. Tanzania wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inakubali ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila. Padri, pasta ao shehe aliyepewa kibali anafungisha ndoa na kuiandikisha kwa niaba ya serikali, na cheti chake kina nguvu. Watu wa dini mbili ambao hakuna upande unaowapokea wanaenda kwa msajili wa wilaya, wanatoa taarifa siku 21 mbele, wanafungishwa. Tena kuna kifungu cha 160: mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 ao zaidi, na majirani wakiwajua kama bwana na bibi, mahakama inaanza kwa kudhani kwamba wameoana mpaka mtu alete ushahidi wa kupinga. Zambia nako mchungaji mwenye leseni anafungisha ndoa ambayo serikali inaihesabu.

Halafu tukarudi. Wengine kwa meli ya Mpulungu mpaka Moba, wengine kwa lori mpaka Pweto, kisha huku Lubumbashi kufuata kazi na masomo ya watoto. Mawazo ya kule tulikuja nayo kati ya masufuria na mablanketi. "Shehe alituandika." "Pasta alitupa karatasi na muhuri." "Tumekaa miaka kumi na mbili, nani hajui huyu njo bibi yangu?"

Huku padri, pasta na imamu hawashiki kalamu ya leta. Baraka yao ni baraka, na hatumwambii mtu aidharau. Mbele ya tribinali lakini haifanyi ndoa. Na kuishi pamoja, hata miaka thelathini, Sheria ya Familia haikuiita ndoa. Kifungu kama kile cha 160 cha Watanzania, kwetu hakipo.

Tafadhali tusichanganye vitu viwili. Kama una cheti cha serikali ya Tanzania ao ya Zambia, chenye namba na muhuri wa msajili, kikunje vizuri, kitie katika plastiki, usikitupe. Ndoa iliyofungwa nchi nyingine kwa kufuata sheria ya pale inaweza kuingizwa katika vitabu vya kwetu. Kama uliyo nayo ni karatasi ya kanisa tu, ao jina lako katika daftari la msikiti wa kambi tu, basi wewe na bwana yako muna kazi ya kufanya, na heri muifanye wakati nyote wawili muko wazima.

Tunasema hivyo juu ya mama mmoja wa Kampemba. Hatutataja jina. Yeye ni Mkatoliki, mtu wa upande wa Moba. Bwana alikuwa Mwislamu, na jamaa yake inatoka Kasongo, kule Maniema ambako Uislamu uliingia siku za Tippu Tip na haukuondoka. Walikutana kambini. Shehe aliwafungia ndoa, yeye akabaki na rozari yake na bwana hakumlazimisha kitu. Walirudi, wakauza makala, wakauza mafuta, wakanunua lupango na kujenga vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma. Komini hawakwenda. Kila wakati kulikuwa na kitu cha lazima zaidi: mabati, minervali ya shule, ugonjwa wa mtoto.

Bwana aliugua siku chache akafa. Siku ya arobaini haijafika, ndugu zake wakaja kukaa katika kibaraza na kumwambia maneno mawili. La kwanza: "Weye hauko bibi, mukanda iko wapi?" La pili: "Tena mukristo harizi mwislamu."

Maneno haya mawili watu wanayaweka pamoja, na yanapigwa kwa pamoja kama fimbo mbili. Yanafaa kutenganishwa.

Hili la pili linatoka katika sheria ya dini. Kweli, katika mirathi ya Kiislamu ya zamani, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, na ziko nchi jirani ambako kadhi ana mahakama yake na anaamua mirathi ya Waislamu. Kongo haina mahakama ya kadhi. Mirathi ya raia yote inafuata Sheria ya Familia, na sheria hiyo haiulizi marehemu alizikwa kwa sala gani. Mbele ya tribinali ya kwetu, neno la pili la mashemeji halina uzito wa unyoya.

Neno la kwanza ndilo lililomchoma. Bila ndoa iliyoandikwa, yeye mbele ya wengine si bibi wa marehemu. Na kuwa bibi kisheria ni kitu kikubwa kuliko wengi wanavyofikiri, ndiyo maana tunaomba muvumilie hesabu kidogo.

Kama bwana na bibi walioandikwa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inawaweka katika mpango ambao vitu vilivyopatikana ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Kwa hiyo bwana akifa, kwanza kabisa nusu ya vitu hivyo ni ya bibi. Si urithi, ni mali yake. Nusu nyingine ndiyo ya marehemu, na hiyo ndiyo inagawanywa. Kifungu cha 758 kinapanga warithi. Mstari wa kwanza ni watoto, wa ndani ya ndoa na wa nje ambao baba aliwakubali kisheria akiwa hai. Hao wanachukua robo tatu. Robo inayobaki ni ya mstari wa pili, ambao una makundi matatu: mjane ao mgane, baba na mama wa marehemu, kisha ndugu zake. Makundi yote yakiwapo, kila moja linapata sehemu moja kati ya kumi na mbili ya urithi wote. Juu ya hayo, aliyebaki ana haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na vyombo vyake.

Ndugu wa marehemu nao wamo, munaona. Hakuna anayewanyima. Sehemu yao lakini ni ndogo mno kwa mtu aliyekuja na kufuli mfukoni.

Mama wa Kampemba hakuweza kudai nusu yake kwa njia hiyo. Kilichomshika asianguke ni watoto. Bwana yake alikuwa mtu wa mpango. Kila mtoto aliyezaliwa huku alimwandikisha kwa jina lake ndani ya muda. Mtoto wa nje ya ndoa sheria inataka akubaliwe na baba katika miezi 12 tangu kuzaliwa, na huyu baba alifanya. Kwa hiyo watoto ni warithi wa mstari wa kwanza, na mama anakaa katika nyumba ile kwa kivuli cha watoto wake. Jambo liko mbele ya tribinali ya amani mpaka sasa. Yeye mwenyewe alituambia tulieleze, bila jina, "ili benzangu baende mbele ya kifo." Tunalieleza kwa ombi lake.

Tukirudi kwa vijana ambao bado hawajaoana, kwao dini inaingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni mahari.

Sheria yetu ni ya ajabu kidogo hapa. Kwa mkono mmoja inatoa dini nje ya ndoa. Kwa mkono mwingine, katika kifungu cha 361, inasema bwana na jamaa yake wapatane na wazazi wa bibi juu ya mahari, na kwamba ndoa haiwezi kufungwa kama mahari haijatolewa angalau sehemu. Na mahari inapokelewa na nani? Na wazazi. Wazazi wanasalia wapi? Ndiyo hapo. Ofisa hakuulizi dini, lakini anauliza kama mahari imetolewa, na baba mkwe asiyetaka Mwislamu katika jamaa yake hahitaji kutaja Uislamu popote. Anakataa tu kukaa kwenye mkeka siku ile bahasha inapoletwa. Ao anaitaja bei ambayo hata mwenye duka la simu katikati ya mji hawezi.

Tumekaa katika mikutano ya namna hiyo mara nyingi, mara nyingine kama mashahidi, mara nyingine tumeitwa na kijana anayetetemeka. Tunaweza kusema tunavyoona.

Kinachoharibu zaidi ni kuzungumza mambo matatu kwa siku moja: mahari, komini na dini. Jamaa ya Kikristo inafika na pasta wake, jamaa ya Kiislamu na shehe wake, wote wanataka kumaliza kabla ya bukari kupoa. Swali linakuwa mara moja, nani anabadilika? Watoto watabatizwa ao watafanyiwa akika? Wawili wenyewe wamekaa pembeni kama mbuzi wa mnada. Tunashauri siku ya mahari iwe ya mahari. Dini iongelewe siku nyingine, kwanza na wawili peke yao.

Kinachosaidia ni kujua kwamba sehemu inatosha. Sheria haikusema mahari yote. Kitu kidogo kilichopokelewa mbele ya mashahidi wa pande mbili, na kuandikwa, kinafungua mlango wa komini. Kinachosaidia tena ni kukumbuka kwamba jamaa ya Kikongo ni pana. Tumeona baba akikataa kuja, mjomba wa bibi akakaa mahali pake, akapokea, akasema: "Mimi ninamjua huyu kijana, alibeba mama yangu mgongoni siku tulikimbia." Baba alinuna mwaka mzima. Mjukuu alipozaliwa alikuwa wa kwanza kufika na sabuni.

Juu ya viongozi wa dini, tuwe na haki. Kila mmoja ana kanuni zake na hatukutumwa kuzibadilisha. Kanisa Katoliki linaweza kubariki ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa kama askofu ametoa ruhusa. Haliombi yule mwingine abatizwe, linataka Mkatoliki aahidi kufanya anachoweza ili watoto walelewe katika imani yake, na mwenzake ajue ahadi hiyo. Wakatoliki wengi hapa hawajui kwamba njia hii iko. Wanafikiri padri atafukuza, basi hata mlango hawagongi. Kwa Waislamu, mafundisho ya kawaida yanamruhusu mwanaume kuoa mwanamke Mkristo ao Myahudi, lakini hayamruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Kwa sababu hiyo uzito mkubwa unaangukia mabinti wa Kiislamu, na ni wao wanaotufuata kwa siri, saa ya jioni, na kitambaa kimevutwa mpaka machoni. Tunawaambia kweli yote: shehe ana haki ya kusema sitabariki, hana haki ya kusema hamutaandikwa. Na gharama ya kwenda bila jamaa tunawaambia vilevile, maana sisi tutarudi ofisini na wao watabaki na mama yao.

Kuna desturi moja hatuipendi na tutaisema wazi. Ni ile ya kumbadilisha mtu dini kwa ajili ya siku moja. Kijana anasilimu Alhamisi, anaoa Jumamosi, Jumapili ya pili yuko kanisani anapiga gitaa. Ao binti anabatizwa haraka haraka na hajui hata Baba Yetu. Wakubwa wanaridhika kwa sababu macho yao yameona. Miaka mitano baadaye, wakigombana, jambo la kwanza kutupwa mezani ni hilo: "Ulinidanganya, haukuwa mwislamu hata siku moja." Mtu akibadilika kwa moyo wake, Mungu anajua na sisi tunakaa kimya. Akibadilika kwa sababu ya mukanda, huo mukanda hakuna aliyemdai. Sheria inataka ukubali ndoa, haitaki ukubali dini.

Mambo mawili ya haraka, maana tumeulizwa pale mlangoni. La kwanza: bibi wa pili haandikwi, hata kama dini ya bwana inamruhusu. Mwenye ndoa iliyoandikwa hawezi kuandikisha nyingine mpaka ya kwanza ivunjwe. Mama anayeingia kama wa pili ajue anaingia bila ulinzi huo, na watoto wake wakubaliwe na baba yao mapema. La pili: talaka ya kinywa haivunji ndoa iliyoandikwa. Inavunjwa na tribinali ya amani. Pasta naye hawezi kuivunja kwa maono.

Kwa wale waliokwisha kutoa mahari na kubarikiwa, kazi si kubwa kama munavyoogopa. Sheria inajua ndoa iliyofanyika katika jamaa kwa kufuata desturi. Bwana na bibi wanatakiwa kwenda wenyewe, kila mmoja na shahidi wake, kwa ofisa wa etasivili wa mahali ndoa ilipofanyika, katika mwezi unaofuata, ili iandikwe. Najua, najua, mwezi ule kwa wengine ulipita wakati Laurent-Désiré Kabila bado hajaingia Kinshasa. Nendeni hata hivyo. Ndoa ya jamaa ambayo haijaandikwa haina nguvu mbele ya watu wengine, na inaanza kuwa na nguvu hiyo tangu siku ya kuandikwa. Kila mwezi munaokaa, ni mwezi wa mama wa Kampemba.

Shida ya waliorudi ni mikanda ya kuzaliwa. Wengi walizaliwa wakati wa vita, ao kambini, ao mikanda iliungua pamoja na nyumba. Hapo kuna njia ya hati inayotengenezwa kwa ushuhuda wa watu wanaokujua, ambayo tribinali ya amani inaithibitisha, nayo inashika mahali pa cheti cha kuzaliwa. Inachukua muda na inataka mashahidi wanaofika kweli, si wale wanaosema "niko njiani" wakiwa bado kitandani. Mikanda ya HCR ya kurudi inasaidia kuonyesha majina na tarehe, hasa pale ambapo kadi ya kura imeandika jina kwa namna moja na karatasi ya kambi kwa namna nyingine. Majina ya Kiislamu yanaumia zaidi: tumeona Ramazani, Ramadhani na Lamazani, mtu mmoja huyo huyo. Rekebisheni kabla ya ndoa, si baada.

Kuhusu bei: kuna kinachodaiwa kihalali, na kuna kile cha kuuliza kwa sauti ya chini, "munatuachia nini?" Katika ofisi moja wawili wetu waliambiwa kwamba ndoa ya "dini mbili" ina fomu yake ya pekee na bei yake ya pekee. Fomu hiyo haipo. Mukisikia maneno hayo, ombeni risiti, andikeni siku na saa, na mutuite.

Wafadhili wetu, kwenu tuna neno moja. Tunajua karamu za arusi si kazi ya msaada, na hatuombi bia wala keki. Tunaomba sanduku dogo la mikanda: malipo ya halali ya komini, usafiri wa mashahidi wawili, gharama ya hati za kuzaliwa za wale waliokosa, na siku chache za mwanasheria kwa wajane kama yule tuliyemtaja. Tayari akina mama wa Katuba wameweka likelemba yao kwa jambo hili, kila mwezi jamaa moja inaandikwa kwa pesa ya wote, Wakristo na Waislamu katika daftari moja. Wanaenda polepole kwa sababu makuta ni madogo. Mukiongeza kidogo, jamaa mbili zitaandikwa kwa mwezi, ao tatu.

Mwenye nia ya kuanza, orodha yetu iko pale kwa dada mwenye kitambulisho cha kijani. Leteni kadi ya kura, karatasi za HCR kama zipo, vyeti vya watoto, picha ndogo mbili za kila mmoja, na majina ya mashahidi wenu. Muje wawili, bwana asije peke yake akisema bibi ana kazi. Na mama yule aliyeuliza juu ya bwana aliyebaki Meheba na hajulikani kama angali hai, tafadhali tuonane kando, swali lako linataka muda wake.